Namba Isiyo Yake

Asubuhi ya tatu baada ya kulileta gari nyumbani, Thurman Ruckel alifungua mlango wa dereva akakuta kiti kimesogezwa mbele. Thurman ni mtu wa futi sita na ushee, na kiti chake hukaa nyuma kabisa, mwisho wa reli. Sasa kilikuwa kimebanwa karibu na usukani, mahali ambapo angekaa mwanamke mfupi. Alikirudisha, akaendelea kufuta vumbi. Asubuhi ya nne kilikuwa mbele tena.

"Nadine," alimwita mkewe kupitia dirisha la jikoni, "umeingia kwenye gari?"

"Niingie nikafanye nini, na miguu yangu haijui klachi? Halafu hilo gari lako linanuka."

"Linanuka nini?"

"Lami ya moto," Nadine alisema. "Lami na nywele zilizoungua."

Thurman hakusikia harufu yoyote. Pengine hakutaka kuisikia. Mtu akishasubiri kitu miaka thelathini na tisa, pua yake humtii.

Lilikuwa Chevelle la mwaka 1970, buluu, lenye michirizi miwili myeupe juu ya boneti na injini inayotikisa vikombe kabatini ikiwashwa. Alilinunua mwezi Mei kwenye mnada wa Indianapolis, na hakulifuata kwa rangi wala kwa injini. Alilifuata kwa namba. Alikuwa akipekua orodha ya mnada huku akila mkate wake wa nyama ya nguruwe, akaiona namba ya chesisi, akaacha kutafuna. Namba ile aliijua kwa moyo. Lilikuwa gari lake mwenyewe, la ujana wake, alilolipoteza mwaka 1984.

Alilipoteza hivi. Mwanawe Joel alizaliwa na tundu kwenye moyo, wakampeleka hospitali ya Louisville, na pesa zikahitajika siku ileile. Cletus Vandiver, mwenyeji wa Bedford kama yeye, alikuwa amemwahidi dola elfu tatu kwa gari lile. Siku ya kulipana, pale nje kwenye maegesho ya hospitali, Cletus alimtazama kijana aliyekesha siku nne, macho mekundu, akatoa mia nane. Akasema, chukua au acha. Thurman alichukua. Joel aliishi siku tisa. Tangu hapo Thurman hakumsamehe Cletus, na wala hakukusudia kumsamehe, na mimi ninayesimulia siwezi kumlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa lililofuata.

Cletus sasa ana miaka sabini na mmoja, na kazi yake minadani ni moja: kukaa mstari wa mbele na kofia yake ya majani, akipandisha bei za magari ambayo hana nia ya kuyanunua. Muuzaji humpa asilimia kidogo, naye huinua mkono, hushusha, huinua tena, mpaka mnunuzi wa kweli ajikute amepanda mahali pasipo na ngazi ya kushukia. Ndipo yeye hukunja mikono. Mwezi Mei alimwona Thurman anavyolitazama Chevelle lile, akamsukuma kutoka elfu hamsini hadi tisini na sita, kisha akaja kumpa mkono.

"Hongera, bwana. Joel angefurahi."

Thurman aliushika mkono ule. Mpaka leo hajui kwa nini aliushika.

Jumapili ya kwanza walitoka wawili, yeye na Nadine, kwenda kula kwa dada yake Nadine huko Oolitic. Jua lilikuwa kali, madirisha yamefungwa, mwendo wa maili hamsini. Walipofika barabara ya machimbo, pale penye kuta za mawe meupe pande zote mbili, mtu aligonga kioo cha dereva kutoka nje.

Aligonga mara tatu, kwa kifundo cha kidole.

Thurman aligeuka. Palikuwa na mawe yanayokimbia nyuma, na anga. Nadine naye alikuwa amegeuka, na uso wake umekwajuka.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Ni kokoto."

"Kokoto haigongi hivyo, Thurman. Hiyo ni hodi."

Kisha ukaja mkwaruzo, polepole, wa kucha zinazoburutwa juu ya bati, kutoka kwenye kioo kushuka kwenye mlango, na chini ya mlango, na chini zaidi, mpaka wakausikia chini ya miguu yao. Walipofika kwa shemeji, Thurman aliukagua mlango. Nje rangi ilikuwa safi. Ndani, kwenye ukingo ambapo mtu huweka mkono, palikuwa na mikwaruzo minne mirefu na mmoja mfupi. Aliing'arisha Jumatatu mpaka ikaisha. Jumanne ilikuwa imerudi.

Na Jumanne hiyohiyo Nadine aliamka magoti yote mawili yamechubuka, kama ya mtoto aliyeanguka kwenye changarawe. Aliketi ukingoni mwa bafu akichokoa vipande vya mawe kwa kibano cha nyusi. Mawe meupe, ya machimbo.

"Nimelala humu ndani usiku kucha," alimwambia mumewe. "Wewe umeniona. Niambie umeniona."

"Nimekuona, mke wangu."

Thurman akalipandisha gari juu ya mihimili, akatoa magurudumu, akachomoa betri. Haikusaidia. Kufikia Julai viwiko vya Nadine vilikuwa vimechunika, kisha nyonga, kisha kisigino kimoja kikabaki nyama tupu. Daktari wa Bedford alimwomba Thurman atoke nje, akafunga mlango, akamuuliza mama wa watu kwa sauti ya chini ni nani anayempiga. Thurman aliisikia sauti ile akiwa kwenye korido, na alishindwa kunyanyua uso mbele ya wauguzi.

Halafu, adhuhuri moja, Nadine alikuwa amesimama kwenye sinki anaosha sufuria, mgongo kwa mumewe, redio inaimba, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa ya mwanamke wa miaka sitini bali ya msichana, nyembamba, yenye kuhema, ikisema mwambie asimame, tafadhali mwambie asimame, nimeshika mlango, mkono umenasa, mwambie asimame, na maji ya sinki yakafurika yakamwagika sakafuni, na ile harufu ambayo Thurman alikuwa amekana kuisikia kwa miezi miwili ikajaa jikoni yote, lami na nywele na kitu kingine kitamu kilichooza chini yake, na sauti ikaendelea, sasa si ya msichana tena, nzito, inayokwaruza, iliyozoea kungoja, ikisema: "Nirudishieni jina langu. Na yule mleteni."

Nadine akaanguka.

Kule kusini mwa Indiana watu hawana neno jini. Husema pepo, husema mzimu, wengi husema ni mishipa ya fahamu na kukuandikia vidonge. Lakini yupo Imogene Stackhouse wa Mitchell, mwenye miaka sabini na minane, aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha magari akigonga namba kwenye mabati. Siku hizi watu humwita kabla ya mnada aje na tochi na kioo chake kidogo cha daktari wa meno, akague kama gari ni lenyewe au limevishwa namba ya jingine. Na wale wanaomjua zaidi humwita kwa jambo la pili, maana bibi yake wa milima ya Kentucky alimrithisha maneno ya kuzuia damu na ya kusema na visivyoonekana. Thurman alimwita kwa yote mawili.

Bi. Imogene hakumwona Nadine kwanza. Aliingia gereji moja kwa moja. Alimulika kibati cha namba kwenye dashibodi, akaguna.

"Ribiti hizi zilizokishika kibati si za kiwandani, bwana mdogo. Mtu kaking'oa kwenye gari jingine, kakipachika hapa."

"Ni namba yangu. Naijua."

"Namba ni yako. Sijasema namba si yako." Alimwamuru afungue kasha la hita, kule mbele nyuma ya injini. Pale chini, kwenye bati ambalo mnunuzi hapekui na mwizi husahau, kulikuwa na tarakimu zilizogongwa. Bi. Imogene alizisoma kupitia kioo chake, akatoa mfukoni kijitabu cha namba za magari yaliyoibwa, akazisoma tena. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Gari lako lilishaoza au lilishapondwa, Mungu ajua," alisema polepole. "Kilichobaki kwako ni kibati. Bodi hii ni ya Lorna Pruitt."

Hapo Thurman naye alitafuta mahali pa kukaa. Hakuna mtu wa rika lake asiyelijua jina hilo. Lorna alikuwa mhudumu wa mkahawa, msichana mfupi mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu. Mwaka 1986 mtu aliwasha gari lake na yeye akalikimbilia, akashika mlango. Mwizi hakusimama. Walimwokota barabara ya machimbo, na kilichookotwa kilizikwa kwenye sanduku lililofungwa. Gari halikuonekana kamwe, maana lilikwisha kuvaa kibati na jina la gari jingine la aina ileile. Mwenye kile kibati wakati huo alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye aliyeliuza gari mwaka uliofuata kwa mgeni wa mbali, na tangu hapo hajawahi kulisogelea kwa hatua tano.

"Cletus," Thurman alisema.

"Sikiliza, na usinirukie," Bi. Imogene alisema. "Damu yake ilimwagika kwenye mlango huu. Kikaja kitu kuinywa, kikaichukua na dhuluma yake pamoja. Si Lorna yule. Lorna alikuwa mtoto mzuri, aliniletea kahawa. Hiki hakina uzuri. Kimekaa ndani ya bodi hii miaka thelathini na saba kinaitwa kwa jina lisilo lake, na hilo ndilo linalokichoma. Fanya mambo mawili, kwa mpangilio. Kwanza ng'oa kibati, andika namba ya kweli na jina la Lorna, upeleke kwa sherifu. Kikishaitwa kwa jina lake kitamwachia mkeo. La pili, kaa kando. Cletus ni wa sherifu na wa kitu hiki."

"Cletus ana wakili na ana miaka sabini na mmoja. Atafia kitandani kwake amekunja mikono."

"Basi afie."

"Alinihesabia mia nane mwanangu akiwa ghorofani, mama."

"Najua. Mji mzima unajua. Lakini kitu hiki kinataka jina, Thurman. Kikikosa lake kitachukua la mtu."

Thurman aliitikia kwa kichwa. Alimsindikiza bibi hadi garini kwake, akamfungulia mlango, akamshukuru. Kisha akarudi ndani, akachukua fomu za mnada wa Septemba wa Louisville, akaanza kuzijaza.

Hakuwa anakataa maneno ya Bi. Imogene, alijiambia. Alikuwa anapindua mpangilio tu. Kwanza Cletus, halafu jina. Sherifu alikuwepo miaka yote, atakuwepo na mwezi wa kumi. Mahali palipoandikwa *Nathibitisha kwamba namba hii ni ya gari hili tangu kiwandani*, alitia saini yake nzima.

Nadine hakuwa tena wa kuinuka kitandani. Dada yake alihamia pale kumbadilisha bandeji. Siku moja sauti yake mwenyewe ilimrudia, dhaifu, akamshika mumewe ukosi.

"Thurman. Kipe kinachotaka. Leo."

"Wiki tatu tu, mke wangu. Vumilia wiki tatu."

Nadine akamwachia ukosi, akageukia ukutani. Mimi ningekuwa yeye ningemtemea mate.

Cletus alipatikana mkahawani, anamalizia mayai. Thurman aliketi mbele yake bila kukaribishwa.

"Nalipeleka lile Chevelle Louisville. Nimeshindwa nalo."

"Nilijua," Cletus alisema. "Gari la misuli linataka mwenye misuli. Sasa unanitakia nini?"

"Nisukumie bei. Asilimia tano."

"Kumi. Na siliingii wala siligusi, naumwa mgongo."

"Nani kakuambia uliguse? Wewe inua mkono tu."

Cletus alicheka hadi yai likamtoka. Ilimfurahisha kupita kiasi, mtu ambaye yeye alishamtafuna kuja kuomba kutafunwa tena. Walipeana mikono, na safari hii Thurman alijua kwa nini.

Siku ya mnada ukumbi ulikuwa na watu elfu mbili, taa nyeupe juu, moshi wa injini. Chevelle lilisukumwa hadi jukwaani. Dalali akaisoma namba kwenye kipaza sauti, tarakimu moja moja, kwa mbwembwe, kama wanavyopenda. Thurman alikuwa amesimama kando ya boneti. Aliona mikwaruzo kwenye ukingo wa mlango inafunguka na kulowa. Alisikia kitu ndani ya bati kinavuta pumzi.

Bei ilianza thelathini. Cletus aliinua mkono. Thelathini na tano, mtu wa Ohio. Cletus tena. Kufika sitini yule wa Ohio alitikisa kichwa, na Cletus, ambaye hajawahi kukosea mahali pa kuachia, alianza kushusha mkono, na mkono ukakataa. Thurman aliona alivyoutazama. Aliona alivyoushika kwa mkono wa pili na kuuvuta, na jinsi kifundo cha mkono kilivyobonyea, alama za vidole vinne na gumba, pasipo na mtu. Dalali akasema sitini na tano, akasema sabini, mkono bado uko juu, watu wanacheka kwamba mzee anajipandishia bei mwenyewe, akasema themanini, nyundo ikalia.

Desturi ya mnada ule ni kwamba mnunuzi hupanda jukwaani, hukaa kwenye usukani, hupigwa picha. Cletus hakutaka. Alisema mgongo. Watu walimpigia makofi, walimwita mwoga wa gari lake, wawili wakamshika kwapani kwa utani wakampandisha, naye kofia imeanguka, macho yanamtafuta Thurman.

"Wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe umeniwekea nini humu?"

"Sijaweka kitu," Thurman alimwambia sikioni, na utamu wa maneno yale ulimshuka hadi tumboni. "Ulikiweka wewe. Ingia, Cletus. Joel angefurahi."

Akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake wenyewe. Kiti kikaruka mbele kikambana kifua kwenye usukani, na injini ambayo haikuwa na ufunguo ikanguruma, na gari likateremka kwenye mteremko wa jukwaa, likapita kati ya watu wanaokimbia, likatoka kwenye mlango mkubwa hadi uwanja wa lami, kwenye jua la saa nane mchana ambapo kila mtu aliona vizuri, mlango wa dereva ukafunguka na Cletus akamwagika nje, ila mkono, mkono wake wa kulia ulibaki umenasa kwenye ukingo wa mlango, na gari halikusimama, lilizunguka uwanja ule mara moja, na mara ya pili, na mara ya tatu, na yeye anapiga kelele asimame, mwambieni asimame, mpaka kelele zikaisha na gari likaendelea. Lilipozimika, lilizimika taratibu, mbele ya Thurman, kama lililoegeshwa.

Watu walilia na kutapika. Thurman alifurahi. Nitalisema lilivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa: alifurahi, alihisi mifupa yake imelegea kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1984. Aliwaambia polisi hajui lolote. Kuhusu namba, alijiambia, atakwenda kwa sherifu Jumatatu.

Alifika Bedford jua halijazama. Nyumba ilinuka vitunguu na siagi. Shemeji yake alikuwa amekwenda kwake, na Nadine alikuwa amesimama jikoni kwa miguu yake miwili, amevaa gauni la kijani, anageuza nyama kwenye kikaango. Magoti yalikuwa safi. Viwiko vilikuwa safi, bila hata kovu. Thurman alianguka kwenye kiti akalia kwa sauti, akamshika kiuno, akaweka uso kwenye tumbo lake.

"Yamekwisha," alisema. "Nadine, yamekwisha. Kimemchukua."

"Nilikuwepo," alisema Nadine, na akampapasa nywele. Sauti ilikuwa yake kabisa. "Asante kwa kumleta. Na ile fomu uliandika namba gani?"

Mikono ya Thurman ilimwachia kiuno.

"Yule alinibandika jina la uongo mara moja, gizani, kwa woga," aliendelea, mkono bado unapapasa, taratibu. "Wewe ulijua langu. Bibi yule alikusomea. Ukaweka saini yako, ukanisimamisha mbele ya watu elfu mbili wakaniita kwa la uongo kwenye kipaza sauti."

"Nitakwenda Jumatatu," Thurman alisema. Alijaribu kuinua uso lakini mkono ulikuwa mzito. "Nitawaambia. Lorna Pruitt. Nitalisema kila mahali. Yuko wapi mke wangu?"

"Alichoka kukungoja wiki tatu. Mimi jina hilo silihitaji tena, nimeshapata la mkeo." Alimwachia, akamtazama kwa macho ya Nadine, akatabasamu kwa tabasamu la Nadine. "Uso ni wake. Pete ni yake. Vyeti vyote kabatini vinasema ni yeye, na hakuna ninapoweza kukaguliwa kwa kioo. Mbona unashtuka, Thurman? Wewe si mtu wa magari? Haya mnayafanya kila siku."

Alipakua nyama kwenye sahani mbili, akaketi mahali Nadine alipozoea kuketi, akamvutia mumewe chumvi.

"Kula," alisema. "Bado tuna miaka mingi."